Semina za kemia zishuke hadi kwa mkulima wa korosho

KATIKA idara za kemia za vyuo vikuu kuna utaratibu wa siku nyingi ambao wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi hawaujui. Ni utaratibu wa semina. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu husimama mbele ya walimu na wenzake na kueleza anatafiti nini, ametumia njia gani na amepata nini. Kisha hubanwa kwa maswali, na akionekana hajakamilika hurudi maabara kurekebisha.

Utaratibu huo ni mzuri na haupaswi kuguswa. Bila semina, kazi mbovu zingepita kama nzuri. Tatizo liko kwingine. Semina ikishamalizika, matokeo huandikwa kwa Kiingereza, hupelekwa kwenye majarida ya nje na kusomwa na wakemia wengine. Mwenye zao lililotafitiwa hapati habari, hata kama utafiti wenyewe unahusu kitu anachokitupa kila siku nyuma ya nyumba yake.

Mfano ulio wazi ni ganda la korosho. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wameyafanyia kazi mafuta ya ganda hilo kwa miaka mingi. Lakini ukimuuliza mkulima wa Newala, Tandahimba au Nachingwea kuhusu kazi hiyo, yaelekea atasema hajapata kuisikia. Anachojua ni kwamba ganda linaunguza vidole.

Ni vema kuanza na hesabu, maana hapo ndipo mkulima na mfanyabiashara wanapoelewana haraka. Korosho ghafi ikibanguliwa, kiini kinachouzwa huwa kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wake. Ganda ni karibu asilimia 70. Ndani ya ganda hilo kuna tabaka lenye vitundu kama sega la nyuki, na vitundu hivyo vimejaa mafuta meusi mazito. Uzito wa mafuta hayo ni kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wa ganda.

Maana yake ni kwamba kikundi kinachobangua kilo 100 za korosho ghafi kinabaki na kilo 70 za maganda, ambazo ndani yake mna kilo 14 hadi 21 za mafuta. Kikundi hicho kinauza kiini na kutupa au kuchoma kilichobaki.

Kwa upande wa taifa hesabu ni kubwa zaidi. Msimu wa 2017/2018 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi. Kwa kipimo kile kile, maganda yake yalikuwa kama tani 210,000, na mafuta yaliyokuwamo hayakupungua tani 40,000. Sehemu kubwa ya korosho hizo ilisafirishwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam. Ganda lilisafiri pamoja na kiini chake, na mafuta yakasafiri ndani ya ganda.

Je, mkulima alilipwa kwa mafuta hayo? Biashara ya korosho ghafi hupima ubora kwa kuangalia ni paundi ngapi za kiini kizuri zitakazotoka kwenye gunia la kilo 80. Hupimwa pia unyevu na idadi ya punje kwa kilo. Mafuta ya ganda hayamo katika vipimo hivyo. Mkulima huuza vitu viwili na kupimiwa kimoja.

Hapa ndipo kemia inapoingia. Mafuta ya ganda la korosho si mafuta ya kula wala ya taa. Kwa asili yake, sehemu kubwa ni asidi inayoitwa asidi ya anakadi, na zilizobaki ni hasa kadoli na kadanoli. Ganda likipikwa kwa joto kali, asidi ile hupoteza hewa ya ukaa na kugeuka kadanoli. Kwa hiyo mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda bichi si sawa na yaliyotoka kwenye ganda lililokaangwa, hata kama kwa macho yote ni meusi na mazito.

Tofauti hiyo ina maana kwa mfanyabiashara. Mnunuzi anayetaka kadanoli anaweza kuyakataa mafuta ya ganda bichi, na anayetaka asidi hana kazi na mafuta yaliyochemshwa. Mtu anayenunua mashine ya kukamua bila kulijua hilo anaweza kujaza mapipa na kukosa wa kumuuzia.

Viwanda vinavyotumia mafuta haya vipo duniani na havikuanza jana. Kadanoli huingia katika vitambaa vya breki za magari, kwa sababu gundi yake huvumilia joto la msuguano. Huingia pia katika rangi za kuzuia kutu kwenye meli na matangi, na katika gundi za viwandani. Gari linaloingia gereji ya Masasi kubadilishiwa breki linaweza kuwa limebeba kitu kilichotoka kwenye ganda la korosho, na fundi asijue.

Wakemia wa Dar es Salaam hawakuishia kwenye matumizi hayo ya kawaida. Mwaka 2012, wao pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walichapisha kazi inayoonyesha jinsi kadanoli inavyoweza kugeuzwa kuwa kemikali ya kuvuta mbung'o. Kemikali hiyo ni ya jamii ya zile zilizomo kwenye mkojo wa ng'ombe, ambazo mbung'o huzifuata ili kumpata mnyama. Ikiwekwa kwenye mtego, mbung'o huufuata mtego. Kwa mfugaji anayepoteza ng'ombe kwa nagana, hiyo ni habari ya kwake kabisa.

Mwaka 2018 Profesa Egid Mubofu na mwenzake wa idara hiyo walichapisha mapitio marefu kuhusu namna taka za ganda la korosho zinavyoweza kupandishwa thamani kwa njia za kemia. Mwaka uliofuata, 2019, wakemia wa Afrika Kusini, Ujerumani, Malawi na Tanzania walieleza jinsi walivyotengeneza kutoka kwenye mafuta hayo kemikali za kuzuia mionzi mikali ya jua, za aina inayotiwa kwenye losheni za ngozi na kwenye plastiki. Mafuta yanayowaunguza wabanguaji mikono yamekuwa malighafi ya kitu cha kuilinda ngozi.

Yote hayo yapo katika maandishi. Lakini hakuna hata moja lililoandikwa kwa lugha ambayo mwenyekiti wa chama cha msingi anaweza kuisoma mbele ya wanachama wake. Mwanafunzi amepata shahada, mwalimu amepata chapisho na jarida limepata makala. Mkulima aliyetoa ganda hajapata hata taarifa.

Watakuwapo watakaosema kwamba mkulima hawezi kuielewa kemia. Hoja hiyo haina nguvu. Mkulima wa pareto anajua kwamba thamani ya ua lake inategemea kiasi cha sumu kilichomo, ile ambayo wakemia huiita pairethrini. Anajua kwamba ua lililochelewa kuchumwa au lililokaushwa vibaya hupoteza sumu na kushuka bei. Hakujifunza hayo darasani. Aliyajua kwa sababu kipimo cha mkemia kinaingia mfukoni mwake.

Mkulima wa korosho naye hana ugeni na kemia. Miaka nenda rudi amekuwa akipuliza salfa ili kuzuia ubwiriunga. Anajua wakati wa kupuliza na hasara ya kuchelewa. Mtu wa namna hiyo akielezwa kwa Kiswahili kwamba ganda lina asidi inayogeuka kwa moto, ataelewa, na atauliza bei.

Upo pia ushahidi wa karibu kwamba wakemia na wakulima wakikutana, jambo kubwa linaweza kutokea. Huko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilishirikiana na wakemia wa Rothamsted, Uingereza, kuanzia miaka ya 1990. Walichunguza harufu zinazotolewa na mimea. Waligundua kwamba harufu za baadhi ya mimea humfukuza nondo wa funza wa mabua, na harufu za mingine humvuta.

Kutokana na kazi hiyo ya maabara, wakulima walianza kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo kuzunguka shamba. Desmodiamu humfukuza nondo na majani ya tembo humvuta atoke nje. Zaidi ya hapo, mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha, na majani yake ni chakula cha ng'ombe. Mkulima hakulazimika kuyajua majina ya kemikali zile. Lakini ni mashamba ya wakulima yaliyoonyesha kwamba mbinu hiyo inafaa na kwamba faida yake si moja. Kazi ile ingeishia kwenye semina, kiduha kingeendelea kula mahindi kama kawaida.

Hata hivyo, ni lazima kusema ukweli mwingine ili pasiwe na mtu wa kudanganywa. Ganda la korosho si dhahabu. Bei ya mafuta yake ghafi katika soko la dunia ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kiini. Faida hupatikana pale maganda yanapokusanywa kwa wingi mahali pamoja, na maganda hukusanyika pale tu korosho zinapobanguliwa ndani ya nchi. Tanzania ilijengewa viwanda 12 vya kubangua, vingi vikasimama. Bila ubanguaji hakuna ganda, na bila ganda hakuna cha kukamua.

Aidha, mafuta haya ni hatari. Huchubua ngozi na kuacha vidonda. Moshi wa maganda yanayochomwa huwasha macho na kifua. Wanawake wanaobangua kwa mikono hupaka majivu au mafuta viganjani ili kujikinga, na wengi bado huumia. Mtu akianza kuchemsha maganda kwenye pipa nyuma ya nyumba kwa sababu alisikia kuna fedha, anaweza kujiunguza yeye na watoto wake.

Lakini hizo ni sababu za kumpelekea mkulima semina, wala si sababu za kumnyima. Nani wa kumwambia kwamba pipa lile ni hatari kama si mkemia? Nani wa kumwambia kwamba mashine anayotaka kuuziwa itatoa mafuta ambayo hayana mnunuzi? Nani wa kumwambia kwamba mabaki ya ganda lililokwisha kukamuliwa yanaweza kuwa kuni zenye moshi mdogo kuliko ganda zima? Elimu ya kemia humwonyesha mtu fursa, na pia humwepusha na hasara.

Wapo wasomi watakaosema kwamba kazi ya idara ni kufundisha na kutafiti, na kwamba kuwafikia wakulima ni kazi ya maofisa ugani. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ofisa ugani hawezi kueleza jambo ambalo halijamfikia. Naye pia hasomi majarida ya kemia ya Ulaya. Anayeweza kuanza kulieleza ni yule aliyelifanya.

Wengine watasema kwamba matokeo mengine hayapaswi kutangazwa kabla ya kupata hataza, kwa sababu yanaweza kuibwa. Hilo ni kweli na liheshimiwe. Lakini matokeo yaliyokwisha kuchapishwa katika jarida la nje si siri tena. Mfanyabiashara wa Ulaya au Asia anaweza kuyasoma leo. Kumficha mkulima wa Mtwara jambo ambalo mnunuzi wake ameshalisoma hakumlindi mtu yeyote isipokuwa mnunuzi.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayetafiti zao la mkulima atoe semina moja zaidi, kwa Kiswahili, mbele ya wanaolima zao hilo. Dakika 20 zinatosha. Aeleze mambo manne: amepata nini, kinapatikana kiasi gani katika kilo 100, kinaweza kugharimu kiasi gani na hatari yake ni ipi. Akishindwa kujibu swali la gharama, arudi nalo chuoni kama anavyorudi na maswali ya walimu wake.

Pili, semina hizo zifuate ratiba ya mkulima. Mavuno ya korosho huanza karibu na Oktoba. Wakati huo hakuna mtu mwenye nafasi ya kusikiliza mada. Mikutano mikuu ya vyama vya msingi, na maonyesho ya Nane Nane kila Agosti, ndiyo nafasi. Viwanja vya Ngongo, Lindi, hujaa wakulima wa mikoa ya kusini. Saa moja chini ya turubai pale inaweza kufanya kazi ambayo jarida haliwezi kuifanya kwa miaka kumi.

Tatu, Mlimani isiende peke yake. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kinaufahamu mkorosho na kinawafahamu wakulima. SIDO inajua mashine ndogo. TIRDO inajua mambo ya viwanda. Mkemia akikaa meza moja na hao, swali la mkulima halitakosa mtu wa kulijibu. Leo kila mmoja ana kipande chake cha jibu, na mkulima ndiye anayeambiwa aende huku na kule akaviunganishe.

Kwa upande wao, wakulima na wafanyabiashara wasikae kungoja kuitwa. Kuuliza si ujinga. Chama cha msingi kinaweza kuandika barua kwa mkuu wa idara na kuuliza kama kuna utafiti kuhusu zao lao. Kikundi cha wabanguaji kinaweza kupeleka maganda yake na kuomba yapimwe kiasi cha mafuta kabla ya kukopa fedha za mashine. Mfanyabiashara anayeshawishiwa kununua mtambo wa kukamua amuulize muuzaji swali moja: mafuta yatakayotoka yatakuwa ya asidi au ya kadanoli, na nani atayanunua? Asipopata jibu, asitoe fedha.

Maswali ya namna hiyo yatawasaidia hata wakemia wenyewe. Mtafiti asiyeulizwa na mwenye zao anaweza kutumia miaka mitatu kutafuta jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Akikutana na mbanguaji mwenye vidonda viganjani, atarudi maabara na swali jipya: namna ya kulainisha ganda bila kuacha mafuta yake yamwagike mikononi mwa watu. Hilo nalo ni kemia, na halihitaji ruhusa ya jarida la nje.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana msimu wa 2018/2019. Wakulima walizikataa bei za wanunuzi, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huku Jeshi la Wananchi likipewa kazi ya kuzisomba. Kila mtu ana maoni yake kuhusu uamuzi ule. Lakini jambo moja halina ubishi: mkulima alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, kwa njia moja tu, na njia hiyo ilipoziba alikwama yeye, mwenye lori, mama ntilie na mwenye duka.

Mafuta ya ganda peke yake yasingeondoa mkwamo ule. Lakini nchi inayobangua korosho zake, ikauza kiini kwa huyu, mafuta kwa yule na mabaki kama kuni kwa mwingine, haiwezi kubanwa na mnunuzi mmoja kwa urahisi. Kufika huko kunahitaji mitaji, umeme, soko na sera. Kunahitaji pia maarifa, na sehemu kubwa ya maarifa hayo yamekwisha kupatikana kwa jasho la wanafunzi na walimu wa hapa hapa, wengi wao wakisomeshwa kwa kodi ambayo mkulima naye anachangia.

Kati ya chumba cha semina pale Mlimani na ghala la korosho la Mtwara kuna zaidi ya kilomita 500. Basi huondoka Dar es Salaam alfajiri na jioni limefika. Idara ianze na mwanafunzi mmoja msimu huu, kabla magunia hayajaanza kushonwa. Apande basi hilo akiwa na chupa ya mafuta ya ganda mkononi na mada yake kwa Kiswahili. Watakaomsubiri huko wana maswali mengi kuliko ya walimu wake.